Mwaka wa Kotabeki Wawili

Papa Raymond alifariki wiki iliyopita, na Maman Odette alinipigia simu mimi kwanza, kabla ya daktari. "Zuhura," alisema, "Papa eko analala, lakini haiko usingizi." Nilikuwa kazini karibu na kituo cha Schuman, katika jengo ambalo madirisha yake hayafunguki, nikabaki nimeshika simu huku wenzangu wakinipita na vikombe vyao vya kahawa. Nilitaka kumwambia mtu. Nikawa najiuliza ni nani kati ya wale waliokuwa wakipita angenielewa, kama ningesema kwamba amekufa mzee mmoja Mmarekani wa mtaa wa Berchem-Sainte-Agathe, aliyewahi kucheza mpira ule wa kwao wa helmeti, na ambaye hakuwa ndugu yangu. Sikumpata mtu huyo. Nilirudi kwenye kiti, nikamaliza kazi, na nilipokaa kwenye tramu jioni ndipo ulipoanza kunirudia mwaka ule nilipokuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa takwimu, nisiyejua mtu yeyote Brussels.

Sijui kama vijana wanaokuja siku hizi, wakiwa na simu zinazowaonyesha nyuso za kwao muda wote, wanaupata upweke wa namna ile. Kuna Jumatatu nilikuwa nafika darasani na kukuta sauti imenikauka kooni, kwa sababu tangu Ijumaa sikuwa nimesema neno. Wanafunzi wenzangu hawakuwa wabaya. Walikuwa wakiongea Kiflemi, wakiniona wanageukia Kiingereza, na hapo hapo mazungumzo yanapoa kama chai. Bwenini tulikuwa tunashiriki jiko, na kila mmoja alikuwa na rafu yake kwenye friji yenye jina lake. Nilikula mkate na jibini nikiwa nimesimama, nikaosha kisu, nikarudi chumbani. Jumapili nilikwenda kwenye soko la kando ya stesheni ya Gare du Midi, si kununua, bali kusukumwa na watu. Ilikuwa nafuu kubwa kukanyagwa mguu na mtu akakuomba radhi. Na mara moja moja, katikati ya Kiarabu na Kifaransa cha wauza matunda, nilisikia Kiswahili, kile cha Lubumbashi, nikawa nawafuata wanaokisema, taratibu, mpaka wapotee.

Siku moja mwanamke mnene mwenye koti la kijani aligeuka ghafla mbele ya meza ya viatu. "Weye mutoto, juu ya nini unanifwata? Nimekuona kule kwa zeituni, nakuona tena hapa. Uko mwizi?"

"Hapana, mama," nikasema. "Nilikuwa nasikiliza Kiswahili."

"Unasikiliza tu?"

"Ndiyo, mama. Samahani."

Alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba. "Bon," akasema. "Na leo unakula wapi?" Nilipomwambia kuhusu mkate na jibini alipiga ulimi. "Hii baridi yote, muntu anakula fromage peke yake? Alors, kuya." Nikamfuata tena, safari hii kwa ruhusa, hadi nyumbani kwake Berchem-Sainte-Agathe. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimehamia kwenye chumba chake cha juu kabisa, chini ya paa, ambacho mvua ilikuwa ikikipigia ngoma kila siku.

Ile nyumba naweza kuitembea nikiwa nimefumba macho. Chini alikaa yeye mwenyewe, Maman Odette, mjane, aliyekuwa akitoka alfajiri kwenda kusafisha ofisi na kurudi wakati mimi naenda darasani. Jiko lake lilikuwa nyuma, lina meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki cha maua ya njano, na Jumapili baada ya misa lilijaa harufu ya sombe, yaani kisamvu, na samaki wa kukaanga, hadi ngazini. Juu yake alikaa Papa Raymond. Wiki mbili za mwanzo sikumwona. Nilimsikia tu kupitia sakafu. Nilisikia sauti za watangazaji na kelele za maelfu ya watu, kisha sauti yake peke yake: "Rusha! Rusha sasa, mwanangu!" Nilidhani anaangalia mchezo wa moja kwa moja. Baadaye nikajua zilikuwa kanda za zamani, za mechi ambazo matokeo yake yalikuwa yanajulikana tangu kabla sijazaliwa.

Jumapili ya tatu alishuka kula. Alikuwa mrefu mno kwa mlango ule, mabega mapana, na mguu wa kulia ukiburuta kidogo. Kifaransa chake kilikuwa cha kuombea chumvi tu, kwa hiyo nikageuka mkalimani wa Kiingereza chake pale mezani. Alikuja Ubelgiji kufundisha klabu moja ya vijana waliopenda mpira wa Kimarekani, akaoa muuguzi wa huku. Klabu ilikufa, kisha mke, naye akabaki, kwa kuwa hakukuwa na mahali palipokuwa pakimsubiri. Yote hayo aliyasema katika muda wa kumaliza kipande kimoja cha samaki. Nilipomuuliza alikuwa akicheza nafasi gani, alifuta mikono, akapanga vijiko na vikombe vya Maman Odette mezani. "Huyu hapa," akasema, akigusa kikombe cha nyuma ya vijiko, "ndiye kotabeki. Mpira unamfikia kwanza. Ana pumzi moja ya kuamua: aurushe mbali, ampe mwenzake akimbie nao, au aanguke nao. Mimi nilikuwa huyu." Halafu akaongeza, kama mtu anayetaja kundi la damu yake: "Mimi ni yule aliyebadilishwa."

Sikuelewa, akanieleza. Kwao timu hazinunui wachezaji sana kama kwenye soka, zinabadilishana. Unaweza kuamka asubuhi ukiwa wa mji huu, jioni ukawa wa mji mwingine, na hakuna aliyekuuliza. Yeye alikuwa kotabeki wa mji mmoja wa kando ya ziwa. Akiwa kwenye foleni ya kuosha gari, redio ikasema ametolewa, na badala yake anakuja kotabeki wa timu ya kusini aitwaye Curtis. Mtu kwa mtu, bila nyongeza. Mwezi wake wa pili huko kusini goti lake lilivunjika uwanjani, na huo ukawa mwisho wake. Curtis aliuchezea ule mji wa ziwani miaka mingi, akauletea kombe, wakampa mtaa wenye jina lake. Tangu hapo, kila waandishi wa michezo wanapoandika juu ya mabadilishano mabaya kuliko yote, jina la Raymond lipo, na jina la Curtis lipo pembeni yake, mmoja hasara, mwingine faida.

Maman Odette aliweka mwiko chini. "Yaani bantu babili banabadilishwa sawa mbuzi? Na ule mwenzake, banaongeaka?"

Nikatafsiri. Papa Raymond akatikisa kichwa. "Hatujawahi kusalimiana."

Muhula ule mwalimu wetu wa semina, mama mmoja Mflemi mwenye sauti ya chini, alitutaka tuchukue uamuzi wa zamani na kuupima: siyo uliishaje, bali kama ulikuwa mzuri siku ulipofanywa, kwa yale yaliyojulikana siku ile. Wenzangu walichagua madaraja, viwanda, benki. Mimi nilisema nitapima mabadilishano ya kotabeki. Darasa lilicheka, mwalimu hakucheka. Nadhani nilichagua hivyo ili niwe na sababu ya kugonga mlango wa chini yangu. Papa Raymond alikuwa na rafu nzima ya vitabu vya takwimu za kila msimu alivyotumiwa na kaka yake, na chumba chake kilikuwa na joto, na viti viwili, na kile cha pili hakikuwa kimekaliwa tangu mkewe. Nilitambua hivyo kwa jinsi alivyokisugua kwa mkono kabla hajanikaribisha.

Tulikaa pale majira yote ya baridi. Ningeweza kujaza kitabu kwa ubishi wetu. Kulikuwa na timu iliyomtoa kotabeki wake mkongwe ikapokea vijana ambao hawajacheza hata mechi moja ya kulipwa. Vijana wale wakang'ara, na viongozi wakasifiwa kwa akili zao. Nilipopima, niliona walibahatika tu, maana vijana wa namna ile wengi huishia kusahaulika. Kulikuwa na timu nyingine iliyotoa karibu kila ilichokuwa nacho kumpata mtu mmoja, ikachekwa na dunia, ilhali kwa macho ya siku ile hakuna mwenye busara ambaye asingefanya vile. Nilitazama pasi zilizofika, pasi zilizonaswa na wapinzani, umri, walinzi waliokuwa mbele ya kotabeki kumkinga. Papa Raymond alisikiliza akiwa amefumba macho, halafu anafungua jicho moja.

"Hesabu zako hazijui kwamba huyo bwana aligombana na kocha wake."

"Viongozi walijua?"

"Hata muuza soseji wa nje ya uwanja alijua."

"Basi lazima iingie."

"Iweke," anasema, na anafumba tena jicho, ameridhika. Kisha tunakaa kimya, kila mtu na kitabu chake, na mvua nje. Sasa nikiwa mtu mzima, nimekaa kwenye mikutano mingi yenye watu wengi, naona kwamba kimya kile kilikuwa chakula. Wakati ule nilidhani ni kazi ya semina tu.

Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya aliniuliza, bila kunitazama: "Na yangu utayapima lini?" Nikasema nilikuwa nasubiri aniruhusu. "Pima," akasema. "Ila kuna jambo nataka kabla hujapima. Nimtafute Curtis. Watu wametuweka kwenye mizani moja maisha yetu yote, na sijui hata sauti yake." Nilipompa Maman Odette habari hiyo hakusita. "Donc umutafute huyu muntu. Weye uko na ordinateur kule ku masomo." Nilikiandikia, kwa kompyuta ya chuo, chama kimoja cha wachezaji wa zamani, na baada ya siku kadhaa akanijibu binti yake Curtis, Denise, akatoa namba, akasema Jumapili asubuhi kwao ndiyo saa nzuri. Kwetu ilikuwa jioni, kabla ya chakula cha usiku.

Simu ya nyumba ilikuwa jikoni, na Papa Raymond alikuwa hasikii vizuri, kwa hiyo alibonyeza kitufe cha spika, na hivyo ndivyo mimi na Maman Odette, tukichambua majani ya sombe, tulivyosikia kila neno. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Denise alipokea. Sauti yake ilikuwa ya uchangamfu na uchovu kwa pamoja. "Baba yupo," alisema, "ila sijui leo utakutana na baba yupi. Kichwa chake hakiko sawa. Ile migongano yote ya uwanjani, madaktari wanasema. Usikasirike asipokujua."

Tulisikia kiti kikivutwa. Kisha sauti nzito ya mwanamume: "Nani?"

"Raymond."

"Raymond yupi?"

Papa Raymond alitutazama, kana kwamba sisi tungemjibia. "Yule waliyekubadilisha naye."

Maman Odette aliacha kuchambua. Halafu yule mzee wa upande wa pili akauliza, kwa shauku safi ya mtoto: "Nani alifaidika?"

Niliona bega la Papa Raymond likishuka. Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye magazeti ya nchi nzima, na mwenye mtaa wa jina lake hakulijua. "Wewe," Papa Raymond akasema. "Wewe ulifaidika, Curtis. Kwa mbali sana."

"Ahaa!" Curtis akacheka kwa furaha. "Nilijua tu."

Baada ya simu Papa Raymond alikaa akiutazama ukuta. Nilidhani hatapiga tena. Jumapili iliyofuata alishuka na shati lile lile, limepigwa pasi. Curtis aliuliza nani, akauliza Raymond yupi, akauliza nani alifaidika, na akafurahi upya. Ikawa hivyo kila Jumapili. Papa Raymond alianza kumsimulia mechi za Curtis mwenyewe, zile alizokuwa akiziangalia juu kwenye kanda: pasi ile ya theluji, ile ya dakika za mwisho. Nilitambua kwamba nusu ya kelele nilizozisikia kupitia sakafu tangu nihamie zilikuwa za ushindi wa Curtis. "Rusha sasa, mwanangu" alikuwa anamwambia yeye.

Jumapili moja ya mwezi wa tatu Curtis hakuuliza nani. "Raymond," alisema, na sauti ilikuwa tofauti, ya mtu mzima aliye ndani ya nyumba yake. "Goti linakusumbua kwenye baridi?"

Papa Raymond alishika ukingo wa meza. "Kidogo."

"Nilikuona siku ile ulipoumia. Nilikuwa sebuleni, naangalia televisheni. Ule uwanja niliujua, ulikuwa wangu. Kuna sehemu pale karibu na mstari wa pembeni, nyasi hazikuwa zinashika. Mimi nilikuwa naikwepa. Wiki ile ya kwanza ya mabadilishano nilitaka kukupigia nikuambie. Niliinua simu kabisa. Sikupiga. Nikajisemea, huyu ananichukia, atafikiri namcheka."

Sufuria ilikuwa inachemka na hakuna aliyeipunguza moto. Papa Raymond alifumba macho kama alivyofanya juu kwenye kiti chake, nami nikangoja afungue moja. Hakufungua.

"Usingenipata, Curtis," akasema. "Nilikuwa bado sijawekewa simu kwenye nyumba mpya."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Wiki nyingi nilikaa bila simu."

Tulisikia pumzi ikitoka upande wa pili, ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo wa ngazini. Wakaongea kidogo juu ya hali ya hewa. Kisha, kabla ya kuagana, Curtis akauliza nani huyu, na Raymond yupi, na nani alifaidika. Papa Raymond akamjibu yote matatu.

Maman Odette alisubiri simu ikatwe. Alikuwa amefuatilia kwa maneno mawili matatu niliyokuwa nikimnong'oneza. "Uliza Papa," akaniambia. "Ni kweli hakukuwaka na téléphone?"

Nikamuuliza. Papa Raymond aliinuka taratibu akazima jiko. "Nilikuwa nayo," alisema. "Ilikuwa ukutani, rangi ya maziwa. Mwezi ule haikulia hata mara moja." Hatukuwahi kulizungumza tena jambo lile. Alikula sahani nzima ya bukari, ugali wa Maman, jioni ile, na mimi nikamsaidia Maman Odette kuosha vyombo ili nimpe mgongo.

Nilipokuwa natetea kazi yangu darasani, mwalimu aliniuliza kama kulikuwa na lolote lililojulikana siku ile ambalo halikuingia kwenye hesabu zangu. Nikasema ndiyo, lilikuwepo, lakini lilijulikana na mtu mmoja tu. Akaandika kitu, akaniachia. Jioni nilimsomea Papa Raymond matokeo, mlangoni kwake, bado nimevaa koti. Nilimwambia kwamba siku walipobadilishwa, kwa kila kilichoweza kupimika, wale wanaume wawili walikuwa karibu sawa; kwamba timu zote mbili zilifanya jambo la akili; kwamba yaliyofuata hakuna aliyeweza kuyaona.

"Karibu sawa," akarudia.

"Karibu sawa."

Akakuna kidevu. "Karibu. Sasa nani alikuwa mbele kidogo?"

Nilisita, lakini alikuwa mwalimu wangu pia, na ningemkosea kwa kumzungusha. "Wewe, Papa. Kidogo sana."

Alicheka mpaka akakohoa, akashika fremu ya mlango. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka hivyo. Halafu akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini ingawa hakukuwa na mtu mwingine ngazini: "Usije ukamwambia."

Curtis aliishi miaka michache zaidi baada ya hapo. Mimi nilipata kazi, nikahama Berchem, nikapata chumba, kisha nyumba, katika mitaa ambayo watu husalimiana kwa kichwa. Nilipokuwa nikienda kula Jumapili, bado niliikuta simu mezani. Curtis alipofariki, Denise aliendelea kupiga yeye, saa ile ile, akimweleza Papa Raymond habari za kazi yake, za mbwa wake, za mtaa wenye jina la baba yake uliokuwa unachimbwa mabomba. Niliwahi kumwuliza Papa kama anajutia kuja huku, kukaa kwake huku. Alisema swali hilo lina mtego, maana mtu anaulizwa juu ya siku ya mwisho wakati aliamua siku ya kwanza. Sikumwambia kwamba nilikuwa najiuliza juu yangu.

Alhamisi tulimzika. Mahali pa kuagia palikuwa ni ukumbi mdogo wenye mapazia ya kijivu, na mfanyakazi wa pale, kijana mstaarabu mwenye tai nyeusi, alisimama mlangoni tayari kuwaelekeza watu. Nilimshika mkono Maman Odette, ambaye sasa anatembelea fimbo. Hatukuwa tumepanda ngazi zote tulipomwona mwanamke wa makamo akishuka kwenye teksi na begi la magurudumu, mabega mapana, uso wa mtu ambaye hajalala. Sikuwahi kumwona, lakini aliposema "Wewe lazima ni Zuhura," niliijua sauti ya Denise. Ilikuwa imelijaza jiko letu kwa miaka mingi. Alikuwa ameshuka treni Gare du Midi saa ile ile, baada ya ndege iliyomfikisha Paris.

Kijana wa mlangoni aliuliza kwa upole, "Famille?" akionyesha safu ya mbele, ya ndugu wa marehemu. Nyuma ndiko walikotakiwa kukaa marafiki na majirani. Nilifungua mdomo kusema jirani, kwa sababu ndilo neno nililokuwa nalo. Denise alianza kueleza kwa Kiingereza kwamba baba yake na marehemu waliwahi kubadilishwa, kijana akawa anaitikia kwa kichwa bila kuelewa chochote. Maman Odette alipiga fimbo sakafuni.

"Famille," alimwambia. Kisha akatugeukia sisi. "Bon, tuingie. Baridi inaniua."

Tukaenda mbele, tukakaa watatu, Maman katikati, amenishika mkono wangu wa kushoto na wa Denise wa kulia. Muziki ulianza. Nyuma yetu kulikuwa na safu nyingi za viti, na chini ya ule muziki hakukusikika hata kiti kimoja kikigusa sakafu; nilijua bila kugeuka kwamba zilikuwa tupu.